Vibao Sita Vyeupe vya Tangi Namba Mbili

Biryogo, Kigali
11 Januari 1993

Mjomba Sefu,

Asalaam aleikum. Mama anakusalimu na anaomba dagaa wa Mwanza, maana wale wa sokoni kwetu wamekuwa vumbi tupu. Barua hii anakuletea Johnson, dereva wa lori la chumvi anayeshusha mzigo kwenye ghala lililo jirani na kazini kwetu, Gikondo. Sikuipeleka posta. Barua za posta siku hizi zinafika zimefunguliwa na kubandikwa tena kwa wali.

Nina swali kuhusu kifaa ulichokifunga mwenyewe, ile geji ya tangi namba mbili la dizeli ya akiba. Unajua kwamba tangu Nizeyimana achukuliwe mimi ndiye karani wa vipimo. Kila siku saa moja asubuhi nasimama mbele ya lile bomba la chuma lililo ubavuni mwa tangi, naangalia vibao vidogo vilivyopangwa wima juu yake, naandika kwenye daftari mahali nyekundu inapoishia, natia saini. Chini nyekundu, juu nyeupe. Miaka miwili haijabadilika.

Alhamisi iliyopita kizuizi cha barabarani hakikuwa na mtu, nikafika kazini mapema. Gasana, msimamizi wa uwanja, alikuwa hajaja. Nikatazama vibao. Vilikuwa vyekundu kutoka chini hadi mita tatu kamili, kisha sita vyeupe, kisha vyekundu tena hadi mita nne na sentimita kumi. Vyeupe katikati ya vyekundu, kama kinywa cha mtu aliyeng'oka meno.

Nilikwenda ofisini kuchukua daftari. Niliporudi Gasana alikuwa pale juu ya ngazi, anafuta bomba kwa kitambaa, na vile vyeupe havipo.

"Dada Sauda! Leo umeamshwa na kuku wa nani?"

Nikamuuliza kuhusu vibao vyeupe. Akacheka.

"Vyeupe gani? Ngoja mwezi wa Ramadhani ufike ndipo uone nyota mchana. Usianze mapema."

Nami nikacheka, Mjomba. Nikaandika 4.10, nikatia saini.

Je, kifaa kinaweza kuugua na kupona chenyewe ndani ya dakika tano?

Mwanao,
Sauda Mukandayisenga

*

Mwanza
29 Januari 1993

Mpwa wangu Sauda,

Waaleikum salaam. Dagaa wamo kwenye mfuko wa Johnson. Mwambie mama asiwaoshe kwa maji ya moto.

Umeuliza vizuri, kama mtu aliyesoma. Nikueleze kifaa kilivyo. Ndani ya lile bomba la pembeni kuna boya, silinda nyepesi ya chuma iliyozibwa pande zote, na ndani ya boya kuna sumaku. Bomba limeungana na tangi kwa juu na kwa chini, kwa hiyo kimo cha mafuta tangini ndicho kimo cha mafuta bombani, na boya linapanda na kushuka nayo. Huwezi kuliona, kwa sababu bomba ni chuma kitupu, na hiyo ndiyo faida yake. Zamani tulikuwa na mrija wa kioo. Jiwe moja la mtoto wa jirani likatumwagia dizeli uwanja mzima.

Nje, kila kibao kina sumaku yake ndogo na rangi mbili, upande mmoja nyekundu na upande wa pili nyeupe. Boya likipita kwenda juu linakigeuza kioneshe nyekundu. Likipita kwenda chini linakirudisha nyeupe. Likishapita, kibao kinabaki kama kilivyoachwa. Hakuna umeme, hakuna betri, hakuna cha kuharibika.

Hayo uliyoyaona yanaweza kuwa unyevu. Au vumbi. Usimuulize mtu tena, na zaidi ya wote usimuulize Gasana. Ikiwezekana omba likizo. Sema mama anaumwa.

Jambo dogo: Gasana bado analo lile sanduku la kijani la vifaa?

Ukimaliza kusoma, choma.

Mjomba wako,
Sefu Kaze

*

Biryogo
15 Februari 1993

Mjomba,

Nimeisoma barua yako mara nne kabla ya kuichoma, na mara zote nimesimama kwenye sentensi moja: kibao kinabaki kama kilivyoachwa. Basi nilifikiri hivi. Vile vibao sita viligeuzwa vyeupe na boya lililokuwa likishuka. Lakini vile vyekundu vilivyokuwa juu yake, boya halikuvigusa. Mafuta yanawezaje kushuka kutoka 4.10 hadi mita tatu bila kupita njiani? Unyevu haufanyi hivyo, Mjomba. Vumbi halichagui vibao sita.

Hapa mambo yamekuwa mabaya. Vita vimewaka tena kaskazini tangu wiki iliyopita. Watu waliokimbia Byumba wamejaa Nyacyonga nje ya mji, wanalala chini ya majani ya migomba, na wengine wameanza kuonekana stendi ya Nyabugogo na magodoro kichwani. Kazini imekuja barua yenye mihuri mitatu. Tarehe 2 Aprili tume itapita kwenye kila ghala la mafuta la mji huu pamoja na wanajeshi. Watavunja lakiri za vifuniko vya juu na kupima kwa utepe. Hadi siku hiyo hakuna ruhusa ya kufungua kifuniko. Mafuta yakipungua kuliko daftari linavyosema, karani aliyetia saini atajibu yalikwenda kwa nani. Siku hizi swali hilo lina jibu moja tu, nawe unalijua, kwa sababu ndilo walilompa Nizeyimana mwaka wa tisini. Icyitso. Msaliti anayewalisha adui. Amebakiza miaka minne gerezani. Mkewe Mukarugwiza bado anaishi kule Niboye, anampelekea chakula kila Ijumaa. Nikikutana naye njiani navuka upande wa pili, Mungu anisamehe.

Daftari sasa linasema 4.02. Saini ni yangu kila ukurasa.

Uliuliza sanduku la kijani. Analo, halimtoki mkononi. Nilidhani unataka kurudishiwa vifaa vyako nikakuonea huruma. Juzi Béatha, yule mama anayetupikia chai, alimwaga misumari midogo alipokuwa anagongea meza. Gasana akatoa sandukuni kitu cheusi cha duara, mfano wa mkate mdogo, akakipitisha juu ya sakafu na misumari yote ikakirukia. Béatha akapiga makofi: "Shefu Gasana, hicho ungenipa mimi nivutie mume!" Sote tulicheka. Gasana alinitazama mimi.

Tena amekuwa mpole. Jana aliniambia: "Sauda, una saini nzuri sana. Mtu akiiona haisahau."

Usiniambie niombe likizo. Nizeyimana aliomba likizo. Niambie ninavyoweza kujua boya liko wapi kweli, bila kufungua kitu na bila mtu kujua.

Sauda

*

Mwanza
3 Machi 1993

Mpwa wangu,

Johnson alichelewa Ngara siku tano, ndiyo maana umesubiri. Namwambia apite kwenu moja kwa moja.

Ile dira ya babu, ya kutafutia kibla, aliyorudi nayo kutoka Maka mwaka wa sitini na nane, bado iko kwenye kabati la mama? Ichukue. Sindano ya dira inafuata sumaku, na boya lina sumaku kubwa kuliko kitu chochote pale. Panda ngazi nyuma ya bomba, upande usio na vibao. Anzia juu, shuka polepole. Sindano itababaika kidogo njia nzima, kwa sababu ya chuma cha tangi, na vile vibao pia vina sumaku zao. Usijali huko kubabaika. Ukifika penye boya itageuka kwa nguvu, kama mtu aliyeitwa jina lake, na ukipita hapo itageukia upande mwingine. Hapo katikati ndipo mafuta yalipo. Rudia mara tatu. Ukipata mahali pamoja mara tatu, amini.

Fanya mchana, saa ya chakula, watu wanapokuwa kwa Béatha. Mtu anayezunguka tangi mchana ana kazi. Ukionekana pale saa nyingine utaulizwa.

Halafu kila siku andika kipimo cha dira kwa penseli, pembeni ya ukurasa, kidogo sana. Kwa wino andika unachokiona kwenye vibao, kama kawaida. Siwezi kukueleza zaidi kwenye karatasi.

Choma.

Mjomba wako,
Sefu

*

Biryogo
14 Machi 1993

Mjomba,

Dira nimeitumia. Nitakueleza kwa utaratibu.

Siku ya kwanza nilizuiwa njiani. Kwenye kizuizi cha Gikondo kijana mwenye sare aliupekua mfuko wangu, akaitoa dira, akaifungua.

"Hii ni ya jeshi."

"Ni ya kuswalia, afande. Inaonesha kibla."

Akaiweka kwenye kiganja, akasubiri sindano itulie. "Inaonesha kaskazini. Kaskazini kuna nani, dada?"

Kila jibu lilikuwa kosa. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, mshonaji wa mtaa wetu, akasema: "Afande, Maka nayo iko huko huko, wala haikuhamia juzi." Wengine wakacheka, naye kijana akacheka, akanirudishia. Nilitembea hadi kazini nimeishika ndani ya mtandio.

Saa ya chakula nilikwenda nyuma ya bomba. Nimefunga, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kunikosa kwa Béatha. Nilipanda ngazi, nikaanzia 4.02. Sindano ilicheza kidogo. Mita tatu na nusu, inacheza. Mita tatu, inacheza tu. Nilikuwa nimeanza kutumaini kwamba dira ya babu imekufa. Kwenye 2.31 iligeuka kwa kishindo hadi nikadhani imenigusa kidole. Nimerudia mara tatu, kisha mara nne zaidi kwa siku nyingine. Leo vibao vinasema 3.96 na dira inasema 2.28. Karibu nusu ya tangi haipo, Mjomba, na mimi nimeapa kwa saini kwamba ipo.

Sasa nakuomba jambo ambalo mtoto hamuombi mjomba wake. Niambie ukweli.

Juzi Gasana aliacha sanduku la kijani wazi alipoitwa ofisini na Shefu Révérien, mkuu wetu wa ghala. Nilisogea. Kile kitu cheusi cha duara kilikuwa juu kabisa. Nyuma yake kumekwaruzwa herufi S.K. na nyota ndogo. Nyota hiyo iko kwenye nyundo yako iliyobaki nyumbani. Iko kwenye koleo zako. Iko kwenye sufuria ya mama uliyomzibia.

Ulijua tangu barua ya kwanza. Uliniuliza kuhusu sanduku kabla mimi sijaliona. Ulijua alipochukuliwa Nizeyimana? Ulihamia Mwanza wiki moja baadaye, na mama alituambia umepata kazi kwenye kiwanda cha pamba.

Zimebaki siku kumi na tisa. Barua hii sitakuambia uichome.

Sauda

*

Mwanza
22 Machi 1993

Sauda,

Nimeandika barua hii mara tatu. Mbili za kwanza zilikuwa za uongo.

Sumaku ni yangu. Fundi akifunga geji mpya, vibao vinatoka kwenye boksi vimechanganyika, vingine vyekundu vingine vyeupe. Kuvinyoosha lazima upitishe sumaku kwa nje, ukianza chini kwenda juu au juu kwenda chini, unavyotaka vikae. Ndiyo kazi yake, haina ubaya. Siku namaliza tangi namba mbili Gasana alikuwa amesimama nyuma yangu akiuliza hili na lile. Nikampitishia sumaku mbele ya macho yake, vibao vyote vikawa vyekundu na tangi lilikuwa tupu kabisa. Nikamwambia, "Umeona? Tumelijaza bila tone." Tulicheka sana. Nilikuwa najisifu, Sauda. Nilipenda watu waone ninavyojua. Akaniomba sumaku ya kuokotea misumari, nikampa.

Wewe sasa umekwisha elewa anavyofanya. Akitoa mafuta, boya linashuka na kuacha vyeupe nyuma yake, naye anapita na sumaku kuvirudisha vyekundu hadi pale anapotaka wewe uandike. Siku ile uliwahi kabla hajapita.

Walipomchukua Nizeyimana nilielewa siku hiyo hiyo. Nilikwenda kwa Gasana. Hakunitishia hata kidogo. Alisema tu: "Kaka Sefu, ile alama iliyo nyuma ya sumaku ni ya nani?" Nikapanda gari Nyabugogo wiki iliyofuata. Kiwanda cha pamba nilikipata baada ya miezi minne.

Sasa sikiliza. Usimtaje mtu. Ukimtaja Gasana utakuwa karani anayemsingizia mkubwa wake ili kujiokoa. Iache geji yenyewe iseme. Nilipoifunga niliining'inizia kadi ya matunzo kwa waya. Bila shaka kadi haipo siku hizi, lakini waya uangalie, utaukuta. Kadi ilisema kila miezi sita bomba lisafishwe. Nimekuandikia nyingine, imo humu, ina tarehe ya leo na sahihi yangu, kwa sababu sitaki uongo mwingine. Mpe Shefu Révérien, mwambie fundi aliyefunga kifaa ametuma kwa sababu tume inakuja. Kila mkubwa anapenda usafi kabla ya tume.

Hatua ni hizi. Funga valvu ya juu na ya chini zinazounganisha bomba na tangi. Legeza kizibo cha hewa kilicho juu ya bomba, weka ndoo, fungua koki ya chini. Bomba litamwagika na boya litashuka hadi sakafuni. Waambie wote waangalie vibao. Tangi likiwa na 3.9 kweli, weupe utaanzia 3.9. Likiwa na mbili na kitu, weupe utaanzia hapo, na vile vya juu vitabaki vyekundu juu ya bomba lisilo na kitu. Hakuna neno litakalohitajika.

Kisha kadi inasema: vibao vyote virudishwe vyeupe kwa sumaku ya fundi, ndipo valvu zifunguliwe. Hapo nyamaza. Mwache mtu mwingine aulize sumaku iko wapi.

Ukurasa wa pili wa barua hii nimeuandika peke yake. Una jina langu, anwani yangu, na yote niliyosema hapo juu kuhusu mwaka wa tisini. Huo mpelekee Mukarugwiza. Usivuke tena upande wa pili wa njia.

Idi njema, mwanangu, hata kama itakufikia imepita.

Sefu Kaze

*

Biryogo
2 Aprili 1993, Ijumaa

Mjomba,

Johnson anangoja, injini inawaka, kwa hiyo nitaandika kwa haraka. Nisamehe mwandiko.

Kadi ilinifikia Jumapili. Jumatatu nikampa Shefu Révérien. Aliisoma akiwa amesimama. "Kwa nini hili halijafanyika tangu kifaa kifungwe?" Nikasema sijui, nilikuta waya tu. Alikwenda mwenyewe kuuangalia waya. Akasema kesho saa tatu, wote wawepo.

Jumanne tulikuwa wote. Shefu, Gasana, walinzi wawili, Béatha na birika lake. Vibao vilisema 3.93. Kwa penseli nilikuwa nimeandika 2.14.

Gasana alitaka kuifanya kazi yeye. "Shefu, msichana atajichafua." Shefu akasema msichana ana kadi, na afuate kadi. Nikapanda ngazi, nikafunga juu na kulegeza kizibo cha hewa, nikashuka, nikafunga chini, nikafungua koki. Dizeli ikaanza kuingia kwenye ndoo. Wote wakatazama juu, kwenye 3.93, wakingoja. Hakikugeuka hata kibao kimoja. Ndoo ilikuwa inajaa na geji imetulia, nami kwa mara ya kwanza nikaogopa kwamba nimekosea, kwamba dira, na wewe, na mimi, wote tumekosea.

Halafu Béatha akasema: "Eh! Angalieni huku katikati."

Weupe ulianzia 2.14, Mjomba. Ukashuka kibao kimoja kimoja hadi chini, taratibu, kama mtu anayefunga vifungo vya shati. Koki ikakauka. Bomba tupu, na juu ya 2.14 vibao vyote vyekundu, vimening'inia hewani bila mafuta.

Nikasoma kadi kwa sauti, kwa sababu sikujua kufanya lingine: "Vibao vyote virudishwe vyeupe kwa sumaku ya fundi."

Shefu akauliza: "Sumaku ya fundi iko wapi?"

Nilinyamaza kama ulivyoniambia. Walinzi wakatazamana. Ni Béatha aliyejibu, tena kwa furaha, kama mtu anayesaidia: "Si ile ya shefu Gasana ya misumari? Iko sandukuni mwake, ile ya kuvutia waume!"

Gasana alifungua sanduku. Hakuwa na namna. Alipanda ngazi, akapitisha sumaku kutoka juu kwenda chini mbele yetu sote, na mkono wake ulikuwa umeizoea ile njia mno. Vikawa vyeupe vyote. Nikafungua valvu ya chini, kisha ya juu. Nyekundu ikapanda. Ikasimama 2.14, haikusogea tena.

Shefu aliomba daftari. Alifungua kurasa za Machi, akaziona namba za penseli, akanitazama. Nilidhani ataniuliza. Alisema tu: "Andika kipimo cha leo kwa wino." Nikaandika, nikatia saini. Akatia yeye. Akampa Gasana kalamu.

Jioni Gasana alikuja mezani kwangu. Aliweka kifurushi cha gazeti, akakisukuma kwangu kwa kidole kimoja.

"Mrudishie mjomba wako. Mwambie alisahau kifaa chake." Akafika mlangoni, akageuka. "Na mwambie Mwanza siyo mbali."

Tangu Jumatano hajaonekana kazini.

Leo tume imepita. Utepe umetoka umelowa hadi 2.13. Shefu Révérien amewaambia kwamba upungufu huo yeye mwenyewe ndiye aliyeugundua siku tatu zilizopita, na wamempa mkono. Sina kinyongo, uongo wake ndio ulionifunika. Lakini mwanajeshi mmoja alirudi nyuma kwenye daftari, akahesabu saini zangu kutoka Januari, akaweka kidole kwenye penseli. "Wewe ulijua tangu lini?" Nikasema tangu Machi. "Na ulimwambia nani?" Nikasema sikumwambia mtu. Akaandika jina langu lote, na la baba, na mtaa. "Jumatatu uje utoe maelezo. Mambo madogo tu."

Nizeyimana naye aliambiwa Jumatatu.

Mama amekwisha funga mizigo. Hatupandi na Johnson, lori lake wanalipekua kila kizuizi. Kesho tutapanda basi Nyabugogo tumevaa nguo za sherehe na sinia la vitumbua, kama watu wanaokwenda harusi Kibungo. Kutoka hapo ni Rusumo, na ng'ambo ya daraja ni Ngara. Tutakungoja msikitini Ngara, hata wiki nzima. Uje.

Ukurasa wako wa pili nilimpelekea Mukarugwiza jana, Niboye. Aliusoma mlangoni, mimi nimesimama. Aliukunja, akauweka chini ya nguo zilizofungwa za kupeleka gerezani. Leo ni Ijumaa, ndiyo siku yake ya kwenda. Aliniuliza jambo moja tu: "Huyu Kaze yuko tayari kurudi kusimama mbele ya hakimu?" Nilimwambia sijui. Nilimwambia nitakuuliza. Basi nakuuliza, na utanijibu Ngara uso kwa uso.

Sumaku sikuletei. Walipoondoka wale wa tume nilikwenda nyuma ya tangi, nikainua mkono juu ya kichwa, sawasawa na 2.14, nikaibandika kwenye ubavu wa chuma. Ilishika kwa mlio ambao ungeusikia hadi kwa Béatha. S.K. na nyota vinatazama nje. Mtu yeyote atakayekuja atavisoma. Dira ilikuwa mfukoni mwangu, nikaitoa: karibu na tangi sindano ilikuwa inazunguka ovyo. Nikarudi nyuma hatua kumi, nikasimama, nikasubiri hadi ikatulia.

Mpwa wako,
Sauda